Mkate wa Waingereza na Chai Yetu

Muhula huu nimeombwa na Mhariri niandike jambo lo lote nilipendalo, mradi liwe na faida kwa wanafunzi, walimu na wazazi. Nimechagua kuandika habari za neno moja dogo la Kiingereza, nalo ni "bread", yaani mkate. Najua ya kuwa wako watakaocheka. Watasema, "Je, mtu wa kidato cha nne aandika habari za mkate, neno tulilofundishwa tangu shule ya msingi?" Nawaomba wacheke polepole, maana kicheko ndicho kilichonitia kalamu mkononi.

Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitusomesha hadithi fupi ya mpiga tarumbeta mmoja wa New York. Mtu huyo alipiga tarumbeta usiku kucha katika ukumbi wa dansi, na kulipokucha akamwendea mwenye ukumbi kudai "bread" yake. Mwalimu akauliza nani awezaye kutueleza maneno hayo kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja, kijana mpole asiyekosa kunyosha mkono, akasimama akasema, "Alimwendea mwenye ukumbi, akadai mkate wake." Mimi nikapaza sauti kutoka nyuma, "Na siagi je? Apewe na siagi!" Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku ile kijana yule akaitwa Bwana Mikate, bwenini, uwanjani na hata kwenye foleni ya chakula.

Ni kweli kwamba katika hadithi ile neno lilikuwa na maana ya fedha, na mimi nilijua. Lakini nilijuaje? Si kwa akili wala kwa kusoma. Nilikuwa nimetazama sinema moja wakati wa likizo kwa mjomba wangu, na neno lile likatajwa, na binamu yangu akanieleza. Basi. Mwenzangu hakuwa na mjomba mwenye televisheni. Alikuwa na kamusi, akaisoma kamusi yake kwa uaminifu, na kamusi ikamwambia mkate. Yeye alifanya kazi ya mwanafunzi. Mimi nilifanya kazi ya mtu aliyeketi mbele ya sinema. Na aliyechekwa ni yeye.

Ningependa kusema kwamba jambo lile lilikwisha siku ile ile, lakini halikwisha. Kijana yule hakunyosha mkono tena muhula mzima. Aliyekuwa akiongoza katika Kiingereza alishuka hata akawa miongoni mwa wa mwisho. Nimekwisha kumwendea na kumwomba radhi, naye amenikubalia niandike habari hii bila ya kutaja jina lake. Ndiyo sababu nataka kueleza neno hili "bread" lilivyo, ili kila mmoja aone ya kuwa aliyeanguka katika shimo hili hakuanguka kwa upumbavu. Shimo lenyewe ni la zamani sana, na ni refu.

Kwanza yafaa tujue kwamba kwa Waingereza wa kale mkate haukuwa kitafunio cha asubuhi tu. Ulikuwa ndio chakula chenyewe, kama ugali au wali ulivyo kwetu. Serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kupima uzito wa mkate na kupanga bei yake, sheria ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya mwaka 1266, na mwoka mikate aliyepunja aliadhibiwa. Husemwa kwamba kwa kuogopa adhabu hiyo waokaji wakawa wakitoa mikate 13 kwa mtu aliyenunua 12, na mpaka leo Mwingereza akisema dazeni ya mwoka mikate maana yake ni 13. Kwa hiyo hata hesabu ya mkate yaweza kumdanganya mgeni!

Mkate uliingia hata katika majina ya heshima. Neno "lord", yaani bwana mkubwa, katika Kiingereza cha kale lilikuwa "hlaford", na asili yake ni mlinzi wa mkate. Neno "lady", yaani bibi mwenye heshima, lilikuwa "hlæfdige", asili yake mkanda mkate. Nalo neno "companion", yaani mwenzi, latokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "pamoja" na "mkate": mwenzi wako ni yule mlaye naye mkate mmoja. Basi huyo Bwana Mikate tuliyemcheka, kama angalizaliwa Uingereza ya kale, labda jina lile lingalikuwa cheo.

Kwa kuwa mkate ulikuwa uhai, watu wakaanza kuita mkate kila kitu kilicholeta uhai. Kwanza wakaita kazi. Mwaka 1785 Mwingereza mmoja aliyeitwa Francis Grose alichapisha kamusi ya maneno ya watu wa mitaani wa nchi yake, maneno yasiyoandikwa katika vitabu vya wakubwa. Kamusi hiyo iliongezwa ikachapishwa tena mwaka 1811, na humo "bread" imeelezwa kuwa ni kazi. Mtu asiye na mkate ni mtu asiye na kazi, na mtu aliye katika mkate mbaya ni mtu aliyemo mashakani. Kadhalika humo mna kikapu cha mkate, nacho ni tumbo; lilikuwa neno la wapigana ngumi. Tazameni basi! Zaidi ya miaka 200 iliyopita neno hili dogo lilikwisha kuwa na nyuso tatu au nne.

Baada ya kazi ikaja fedha. Huko Marekani, katikati ya karne ya 19, watu walianza kuita fedha "dough", yaani kinyunga, unga uliokandwa kabla ya kuokwa. Karne ya 20 kinyunga kikaiva kikawa mkate. Waliolieneza neno "bread" kwa maana ya fedha ni wapiga muziki wa jazi, wengi wao Wamarekani weusi, na mara nyingi hutajwa Lester Young, mpiga saksafoni hodari aliyezaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 1959. Watu hao walipiga muziki usiku, wakalipwa alfajiri, na pengine hawakulipwa. Haishangazi kwamba ujira waliuita kwa jina la kitu ambacho mtu akikikosa hulala na njaa. Na neno halijafa. Mwaka 2018 vijana wa Marekani walikuwa wakihimizana katika mitandao twende tukautafute mkate huu, yaani twende tukachume fedha.

London nako watu wa mitaa ya mashariki wana mchezo wao wa maneno uliokuwapo tangu karne ya 19. Hotten, muuza vitabu wa London, aliueleza katika kamusi yake ya mwaka 1859. Mtu huchukua neno analotaka kulificha, akatafuta maneno mawili au matatu ambayo mwisho wake una vina sawa na neno hilo. Kisha huutupa ule mwisho wenye vina, akabaki na mwanzo. Hivi kichwa, yaani "head", kina vina sawa na "loaf of bread", yaani bofulo la mkate. Wakatupa "bread", likabaki "loaf". Kwa hiyo Mwingereza akikuambia utumie "loaf" yako, usikimbilie jikoni. Akuambia utumie kichwa chako, ufikiri. Nayo fedha, yaani "money", huitwa mkate na asali, kwa kuwa asali ni "honey". Wako wasemao kwamba hata mkate wa fedha ulizaliwa hapo. Na mtu akiambiwa kuwa amekuwa "toast", yaani mkate uliochomwa, asifurahi akidhani amesifiwa kuwa mtamu. Ameambiwa ya kuwa amekwisha.

Sasa nauliza. Mwanafunzi wa Kitanzania, akiwa peke yake na kamusi yake ndogo, angejuaje hayo yote? Mkate ni chakula, ni kazi, ni fedha; ukikatwa ni kichwa, ukitiwa katika kikapu ni tumbo, na ukichomwa ni maangamizi. Hata Mwingereza wa shamba alipofika London zamani alishangaa.

Tena tusidhani kwamba ujanja huu ni wa Waingereza tu. Wamisri mkate huuita "aish", na neno hilo lina maana ya uhai. Sisi wenyewe twasema fulani amekwenda mjini kutafuta ugali, wala hatuna maana kwamba kijijini kwao hakuna unga. Mtu akimharibia mwenziwe riziki twasema amemtilia kitumbua mchanga. Naam, hata sisi riziki yetu huokwa! Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, wa kupindua silabi, nyumba ikawa mbanyu, ili wakubwa wasielewe. Na hapa shuleni, nani asiyejua kwamba buku ni shilingi elfu moja? Lakini mgeni anayejifunza Kiswahili akifungua kamusi ataona ya kuwa buku ni panya mkubwa. Hebu fikirini mgeni huyo kituoni, aambiwe na utingo kwamba nauli ni panya wawili! Je, tungemwita Bwana Panya muhula mzima? Sidhani. Tungemwonea huruma, tukamweleza, tena tukamsifu kwa kujaribu. Mbona basi mwenzetu hatukumfanyia hivyo?

Wako walimu wasemao kwamba maneno ya mitaani yasitajwe kabisa darasani, kwa kuwa huharibu lugha. Nawaheshimu sana, wala sisemi kwamba hawana haki. Nimeona insha ambazo mwandishi wake ameanza kwa Kiingereza cha kitabuni, katikati akaingia Kiingereza cha nyimbo, na mwisho hata yeye mwenyewe hakujua alikotoka. Katika mtihani wa Taifa mtu akiandika kwamba serikali imetenga mkate wa kujenga barabara, msahihishaji atamkata alama, naye atakuwa amestahili. Maneno ni kama nguo. Iko nguo ya shamba na iko nguo ya sikukuu. Aliyekwenda kulima amevaa kanzu nyeupe ni mjinga, na aliyekwenda harusini na matambara ya shamba naye ni mjinga. Lakini kila mtu mwenye akili anazo nguo zote mbili, na ajua ipi ni ipi.

Nami naona ya kuwa kumficha mwanafunzi nguo moja ni hatari kuliko kumwonyesha. Nitatoa mfano mmoja tu, nao si wa mzaha. Unga ni neno safi, na kila mama hulitaja kila siku. Lakini wazazi wetu wajua, na polisi wajua, kwamba katika midomo ya watu fulani wa mijini unga si wa mahindi wala wa ngano. Ni madawa ya kulevya. Kijana aliyetoka kijijini, akiombwa na mtu asiyemjua amshikie unga wake mpaka kituo cha pili, asipojua maana hii aweza kuharibu maisha yake yote kwa kutaka kumsaidia mtu. Je, nani amfundishe? Mitaani atafundishwa kwa kuchelewa, tena kwa gharama. Heri afundishwe na mwalimu wake, kwa ukweli na kwa upole, kwamba neno hili lina uso wa mchana na uso wa usiku. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wazee. Lakini shule ni mahali ambapo asiyejua maana huambiwa.

Nimesema habari za wengine. Sasa niseme zangu, maana nami nilianguka.

Mwaka jana, siku ya wazazi, nilikuwa katibu wa darasa letu, na kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa ya siku hiyo na kuibandika ubaoni. Mzee mmoja alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kuja kumwona mwanawe. Alileta chupa ya chai ya tangawizi na maandazi, na alipomwona mwalimu wa zamu amesimama juani tangu asubuhi bila ya kuonja kitu, akammiminia kikombe. Baadaye mwanawe alipewa ruhusa ya kwenda naye mjini kununua viatu, kama walivyopewa wanafunzi wengine kumi siku ile. Mimi katika taarifa yangu nikaandika hivi: "Mzazi mmoja alimpa mwalimu wa zamu chai, na mwanawe akaruhusiwa kwenda mjini."

Kila neno lilikuwa kweli. Lakini nani miongoni mwetu asiyejua chai ni nini katika nchi zetu hizi? Ni ile bahasha ndogo ipitayo chini ya meza. Kufika jioni shule nzima ilikuwa ikinong'ona kwamba mwalimu wa zamu amekula hongo. Asubuhi yake Mwalimu Mkuu akamwita ofisini, kisha akaniita mimi. Nikamkuta mwalimu yule ameketi, ameinamisha kichwa, mtu ambaye hata kalamu ya mwanafunzi hajapata kuichukua bila ya kuomba. Nilieleza kwa machozi kwamba chai niliyoiandika ilikuwa chai ya majani, yenye tangawizi na sukari, na kwamba niliiona kwa macho yangu. Mwalimu Mkuu akaamini, jambo likaisha. Tulipotoka nje mwalimu yule hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, kama ungaliandika kikombe cha chai, ningalilala jana usiku."

Maneno hayo sijayasahau. Mimi niliyemcheka mwenzangu kwa kutojua kwamba mkate si mkate, nilisahau kwamba chai si chai. Yeye alikosea kwa lugha ya kigeni, mbele ya watu arobaini, wala hakumdhuru mtu. Mimi nilikosea kwa lugha niliyonyonya kwa mama yangu, tena kwa maandishi, na nikakaribia kumvunjia mtu mwema heshima yake. Lakini hakuna aliyeniita Bwana Chai. Walimu walinisamehe, na wenzangu wakanyamaza. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya.

Nimesikia kwamba siku hizi vijana wa mjini wakisikia hadithi ya uongo husema, "Hiyo chai." Basi chai imepata uso mwingine tena, na mzee wangu nyumbani, akiambiwa hivyo, atainuka kutafuta vikombe. Maneno hayakai mahali pamoja, na hakuna kamusi iwezayo kuyakimbiza yote.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wanafunzi wenzangu: mtu akifasiri neno kama kamusi ilivyomwambia, tusimcheke. Mwenye kujua maana ya pili na aiseme kwa adabu, kisha aketi. Tena jina lile la Bwana Mikate naomba life leo, na mimi niliyelizaa ndiye wa kwanza kulizika.

Kwa walimu wetu: naomba walau siku moja katika muhula, katika kipindi cha Kiingereza na cha Kiswahili pia, mtufundishe maneno yenye nyuso mbili, mtuonyeshe ni wapi yafaa na ni wapi hayafai. Hatutaharibika. Maneno haya tunakutana nayo kila siku, ila tunakutana nayo gizani.

Kwa wazazi: mtoto akija nyumbani na neno msilolijua, msimpige kwanza. Mwulizeni maana yake. Pengine ni neno la upuuzi, nanyi mtamkataza. Pengine ni neno la hatari, na mtakuwa mmelisikia mapema. Na pengine ni mkate tu, mkate wa kawaida, naye ana njaa.

Mimi na mwenzangu yule sasa twaketi dawati moja. Wiki iliyopita mwalimu aliuliza maana ya neno fulani la Kiingereza, kukawa kimya. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Mkono wake uliondoka juu ya dawati, ukasita, kisha ukapanda. Alikosea. Mwalimu akamsahihisha, na hakuna aliyecheka.